NDEGE ZA VITA NA DAMU YA RAIA

Wako vijana wengi wa Mafia wasiojua kuwa kisiwa chao kimo katika historia ya vita vya angani. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza walikitwaa kisiwa hiki kutoka kwa Wajeremani, kisha wakaweka humu ndege zao. Ndege hizo zilivuka hadi midomo ya Rufiji kuiandama manowari Königsberg iliyojificha mikokoni, zikawaonyesha wapiga mizinga mahali makombora yao yalipoangukia, hata manowari ikaangamizwa tarehe 11 Julai 1915.

Shabaha ya siku ile ilikuwa chombo cha vita na mabaharia wake. Lakini vita vya angani havikukomea hapo. Desemba 1935 Wataliani waliupiga mji wa Dessie huko Uhabeshi, na hata hospitali haikusalimika; kisha wakamwaga sumu kutoka angani. Mwaka 1945 ikawa zamu ya Hiroshima na Nagasaki. Wala sisi hatukuwa mbali. Machi 1979 ndege ya Libya, iliyotumwa kumsaidia Idi Amin, iliukusudia mji wa Mwanza. Mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane, yakaua swala. Mwenyezi Mungu alitusitiri. Je, kama yangeangukia soko? Mama muuza dagaa alikuwa amemkosea nani?

Wako wasemao kuwa vita ni vita, na kwamba kuupiga mji huharakisha amani. Sisi tushikao mizani kila siku twajua kuwa deni la mtu mzima halidaiwi kwa mtoto mchanga. Tulipokuwa chuoni tulisomeshwa habari za ndege wa Ababili: mawe yao yaliwashukia askari wa tembo waliokuja kuibomoa Kaaba, si majumba ya watu wa Makka. Tulifundishwa pia wasia wa Sayyidna Abubakari kwa jeshi lake, kwamba asiuawe mwanamke, mtoto wala mzee, na usikatwe mti wenye matunda. Ikiwa mnazi una haki yake vitani, seuze mwanadamu?

Mwaka 1977 mataifa yaliandikiana huko Geneva kwamba raia wasifanywe shabaha. Wino ulikauka, na mabomu hayakukoma. Tangu mwaka 2023 tumeyaona Gaza, na tumeyaona katika masoko ya Sudan.

Kwa hiyo twaitaka Serikali yetu iseme waziwazi katika Umoja wa Mataifa kila raia wapigwapo kutoka angani, mpigaji awe rafiki yetu au adui. Twataka pia habari za mwaka 1915 zisomeshwe katika shule za Mafia. Kisiwa kilichotumiwa kurushia ndege za vita hakina udhuru wa kunyamaza.