Mjane Yule Hakuenda Mara Moja



Wapendwa waamini, Injili ya Jumapili ya 29 ya Mwaka C (Lk 18:1-8) yatuletea mjane aliyemwendea hakimu dhalimu tena na tena. Twaisoma kama fundisho juu ya sala, na ndivyo ilivyo. Lakini mama huyo hakuwa akiomba sadaka. Alikuwa na shauri, akadai haki yake. Juma hili nawaalika tutafakari shauri la namna hiyo lililo miongoni mwetu, sisi tusalio Misa kwa Kiswahili hapa Marekani.

Wapo vijana wetu waliovaa sare ya jeshi la nchi hii. Kati ya mwaka 2009 na 2016, jeshi liliandikisha hata wahamiaji wenye viza za muda kwa ajili ya lugha zao, na Kiswahili kilikuwamo katika orodha. Baadhi yao wamerudi na magoti yaliyochakaa, masikio yasiyokoma kuvuma, au nafsi isiyopata usingizi. Huomba fidia ya ulemavu, kisha hujibiwa kwa barua ya kukataliwa, au hupewa asilimia isiyolingana na madhara waliyopata. Barua hukunjwa, ikawekwa kabatini. Nasi twawaambia: "Mwachie Mungu."

Kwa maoni yangu, ushauri huo hauna Ukristo ndani yake. Fidia hiyo ni deni la haki kwa aliyeumia kazini, na haki ni kumpa kila mtu kilicho chake. Mtakatifu Paulo, alipoona shauri lake linapindishwa, alisimama juu ya uraia wake akakata rufaa kwa Kaisari (Mdo 25:11). Hakumtukana Festo, wala hakunyamaza.

Sheria iliyopitishwa mwaka 2017, na kuanza kutumika tarehe 19 Februari 2019, imefungua njia tatu. Ya kwanza ni dai la nyongeza, lenye ushahidi mpya unaohusika. Ya pili ni kuomba ofisa mwandamizi alipitie upya jalada lile lile, pasipo ushahidi mpya. Ya tatu ni kwenda mbele ya jaji wa Bodi ya Rufaa. Kwa kawaida muda ni mwaka mmoja tangu tarehe ya barua. Dai la nyongeza laweza kuletwa hata baadaye, lakini mchelewaji aweza kupoteza malipo ya miezi iliyopita. Tena sheria ina huruma yake: ushahidi wa kukubali na wa kukataa ukilingana, shaka huamuliwa kwa faida ya askari. Na waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka huko Iraki na Afghanistan, wakakataliwa zamani, wajue kwamba Sheria ya PACT ya mwaka 2022 imewafungulia mlango upya.

Bila shaka, haki haidaiwi kwa uongo. Anayetia chumvi katika maradhi yake huvunja amri ya nane, na huwatilia shaka wenzake walioumia kweli.

Lakini tumtazame tena yule mjane. Injili haitaji mtu yeyote aliyefuatana naye. Je, askari wetu naye aende peke yake? Mke asikiaye mayowe ya usiku, rafiki wa kikosi aliyekuwapo siku ya ajali, jirani amwonaye akishindwa kupanda ngazi: maelezo yao ya kweli, yaliyoandikwa na kutiwa saini, hupokelewa kama ushahidi. Aidha, vyama vya wanajeshi wa zamani vina wawakilishi walioidhinishwa na serikali, wasaidiao bila malipo. Jihadharini na wale wasio na idhini, wanaotaka fungu la fidia ya mnyonge.

Kwa hiyo, juma hili, kila Jumuiya Ndogo Ndogo iulize kwa upole: nani kati yetu ana barua kabatini? Mkisha kusali pamoja naye, isomeni pamoja naye. Tazameni tarehe na sababu zilizotolewa, kisha mwulizeni ni nani awezaye kumshuhudia. Sala isiyokubali kusoma barua ya jirani imeishia njiani.

Mungu Mwenyezi awabariki nyote, Baba na Mwana na Roho Mtakatifu.

Padre wenu katika Kristo.