Kutoa Sehemu za Mia: Ni Mia ya Nini?

40 toa 10 kila mtoto wa mwaka wa pili aijua. Lakini mwenye duka akiandika mlangoni kwamba amepunguza bei 25 kwa mia, hata watu wazima wenye vyeti husimama wakitazamana. Wako wanaotoa 25 katika bei, kana kwamba ni faranga 25! Basi leo tulieleze jambo hili polepole, kwa maana fedha ya nyumba hupotelea hapo.

Maneno «kwa mia», au asilimia, maana yake ni sehemu kadha katika kila mia. Hayasimami peke yake: sharti yawe sehemu ya kitu fulani. Tuseme bulangeti ni faranga 40,000, na bei yake yapunguzwa 25 kwa mia. Gawanya 40,000 kwa 100, utapata 400. Zidisha mara 25, utapata 10,000. Hizo ndizo za kutolewa, nawe utalipa 30,000. Iko njia fupi, nasi twaipenda zaidi: mia ukitoa 25 zabaki 75, basi 400 mara 75 ni 30,000, kazi imekwisha.

Hapo hakuna taabu. Taabu huanza kitu kikipunguzwa mara mbili, au kikipunguzwa kisha kikaongezwa. Tuseme kibarua hupokea 100,000 kwa mwezi. Kazi imelegea, bwana wake anampunguzia 20 kwa mia: zabaki 80,000. Baada ya miezi kadhaa kazi inarudi, naye bwana anatangaza kwa furaha: «Nawaongezea 20 kwa mia, tumerudi kama zamani.» Watu wanapiga makofi. Lakini 20 kwa mia ya 80,000 ni 16,000 tu! Kibarua atapokea 96,000, na kila mwezi nyumba yake itakosa 4,000. Bwana huyo pengine hakusema uongo kwa kusudi. Alisahau tu kwamba mia imebadilika. Mara ya kwanza mia ilikuwa 100,000, mara ya pili ni 80,000. Ili kuzirudisha zile 20,000 ingempasa kuongeza 25 kwa mia. Afadhali kibarua aijue hesabu hii kabla ya kupiga makofi.

Vivyo hivyo kitenge kilichopunguzwa 20 kwa mia, kisha 10 kwa mia, hakikupunguzwa 30. Kutoka 50,000 chashuka hadi 40,000, halafu hadi 36,000: yaani 28 kwa mia. Mama aliyefunga 35,000 katika pindo la nguo asimwite mchuuzi mwizi.

Sasa tufikie hesabu inayowashinda wafanya biashara wengi. Katika Kongo kodi iitwayo TVA ilianza tarehe 1 Januari 2012, kwa kiasi cha 16 kwa mia. Kodi hiyo huhesabiwa juu ya bei isiyo na kodi: mabati ya 100,000 mnunuzi huyalipia 116,000. Jioni mwenye duka ataka kuitenga kodi. Akitoa 16 kwa mia katika 116,000, ataweka kando 18,560, na kwake zitabaki 97,440. Tazameni: faranga 2,560 zimemtoka mfukoni bure, nazo zitamtoka tena kesho na keshokutwa. Kosa liko wapi? Ile 116,000 siyo mia. Ni mia pamoja na kumi na sita. Aigawanye kwa 116, apate 1,000. Mara 100 ni bei yake, mara 16 ni kodi.

Nanyi wanafunzi, hii ndiyo kazi ya nyumbani. Mlango wa chuma unauzwa 58,000, kodi ya 16 kwa mia ikiwa ndani. Bei isiyo na kodi ni ngapi? Anayepata 48,720 aisome tena habari ya mabati; anayepata 50,000 amwoneshe baba yake jinsi alivyofanya.