Usione Mawe, Yamesimikwa

Jioni moja nilisimama kando ya barabara itokayo Lodwar kwenda Kalokol, kamera mkononi, nikingoja jua lichwe. Mbele yangu zilisimama nguzo 19 za mawe meusi ya volkeno, ambazo Waturkana huziita Namoratunga, yaani watu wa mawe. Kila mpiga picha aijua thamani ya saa hiyo. Jua likiinama, mwanga wake hupenya hewa nyingi zaidi. Rangi ya samawati hutawanyika njiani, nyekundu ikasalia. Jangwa zima liliiva kama kaa la moto.

Mara akapita mzee mmoja na mbuzi wake. Nilimwomba asogee kando asije akaiharibu picha yangu. Alisogea bila kusema neno. Nilipomaliza, aliokota kijiwe, akakiweka juu ya nguzo, akaenda zake.

Picha ilitoka nzuri mno. Nilipowaonyesha wanafunzi wangu, mmoja aliuliza: "Mwalimu, kumbe huko hakuishi mtu?" Nilikosa jibu, kwani aliyemwondoa mtu huyo ni mimi.

Naungama kosa langu, lakini si langu peke yangu. Vitabu na kalenda zimetuzoesha kulidhania jangwa kuwa mahali patupu. Wahenga walisema, usione vyaelea, vimeundwa. Nguzo zile hazikuota; zilisimikwa na watu. Mwaka 1978 wataalamu Lynch na Robbins walidai kwamba zilipangwa kwa kufuata nyota, dai ambalo wengine wamelipinga. Mwaka 2018 watafiti walieleza kwamba Lothagam, papo hapo Turkana, wafugaji wa miaka 5,000 hivi iliyopita walizika watu wanaokadiriwa kuwa 580, wakaweka na nguzo za mawe. Je, makaburi ya wazee wetu ni pambo la ukutani tu?

Walimu wenzangu, picha isiingie darasani bila maelezo: ni ya wapi, nani aliyejenga, nani aishiye hapo. Nanyi wanafunzi, kabla ya kuinua kamera, waamkieni wenyeji kwanza, kisha waulizeni. Wekundu wa magharibi hudumu dakika chache tu, lakini jua litachwa tena kesho.

Nikijaliwa kurudi, nitamwomba mzee yule asimame katikati ya picha, iwapo mwenyewe ataridhia.