Droni na Urefu wa Kamba

Jumamosi moja muhula huu tulikuwa tukifua nguo nyuma ya bweni, tukasikia mvumo kama wa nyuki. Kumbe ni droni ya mpiga picha wa arusi ya jirani, imeiacha arusi na kuja kututazama sisi. Wenzangu walishangilia. Mimi nilijiuliza: ni kitu gani kingeizuia isifike uwanja wa ndege?

Uwanja wa Bukoba uko kando ya ziwa, na nyumba za mji zi karibu. Hatujasahau tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoanguka ziwani ikikaribia kutua, wakafa watu 19 katika 43. Ajali ile haikuletwa na droni, lakini ilitufunza kwamba dakika za kutua hazitaki mchezo.

Wako wasemao droni zipigwe marufuku kabisa. Sikubaliani nao. Mwaka 2018 droni ilijaribiwa kupeleka dawa kutoka Mwanza hadi kisiwa cha Ukerewe, kilomita 60 kwa dakika 40. Wilaya ya Muleba nayo ina visiwa, kama Bumbire na Goziba. Mgonjwa wa huko hungoja chombo, na chombo hungoja ziwa litulie. Je, tumnyime dawa kwa kosa la mpiga picha?

Njia ya kati ipo. Droni hujua mahali ilipo kwa ishara za satelaiti. Ikitiwa ndani yake ramani ya anga iliyokatazwa, ikifika mpakani husimama yenyewe, hata mwenyewe akiiamuru iendelee. Wazee walisema, mbuzi hula urefu wa kamba yake.

Lakini kamba hiyo aishike nani? Kampuni ya DJI ya China ilikuwa ikiweka kizuizi hicho katika droni zake. Januari 2025 ilikiondoa kwa droni zilizoko Marekani, ikaacha maonyo tu. Onyo si kamba. Mwenye pupa halisikii. Na kamba iliyofungwa na mtengenezaji, mtengenezaji huifungua apendapo.

Kwa hiyo naona yafaa Mamlaka yetu ya Usafiri wa Anga, ambayo ndiyo itoayo vibali, iishike yenyewe. Ramani itoke kwake, ifungwe kwa alama ya siri, ili mtu akiichezea droni ikatae kuruka. Ishara za satelaiti zikipotea au zikipingana, droni isisonge mbele.

Najua mwenye hila aweza kujiundia droni isiyo na kamba. Huyo ni wa polisi. Sharti hili ni kwa wale wengi wasio na nia mbaya, ambao hawajui mpaka uko wapi, kama yule mpiga picha wetu.

Likiwekwa, siku nitakaposikia tena mvumo ule juu ya bweni, nitasema huenda ni dawa ya mtu wa Goziba, nami nitaendelea kufua.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne