Fundi sanifu asirudishwe mwanzo

Kijana wa Marangu aliyemaliza kidato cha nne, akachukua stashahada ya uhandisi ujenzi katika Chuo cha Ufundi Arusha, kilichofunguliwa mwaka 1978, hutumia miaka mitatu akipima ardhi, akichora ramani na kukokotoa uzito unaobebwa na boriti. Kanuni za Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) zinamfungulia mlango wa chuo kikuu kwa GPA isiyopungua 3.0, na hilo ni jema. Kinachoniuma ni kwamba mara nyingi huanzia mwaka wa kwanza wa shahada ya miaka minne, sawa na aliyetoka kidato cha sita bila kugusa kifaa cha kupimia. Jumla ni miaka saba, tena kwa ada ya familia inayotegemea kahawa na ndizi. Wahadhiri husema hisabati ya stashahada ni nyepesi. Ni kweli, hasa kwenye kalkulasi, na daraja likikokotolewa vibaya huua watu. Lakini upungufu wa somo moja huzibwa kwa kufundisha somo hilo: muhula mmoja wa hisabati, kisha mtihani mgumu wa kuingilia mwaka wa pili. Atakayeshindwa aanze mwanzo. Atakayefaulu asifundishwe tena michoro aliyokwisha kuimudu Arusha.