Ukurasa wa Mwalimu: Bahasha ndani ya kitenge



Juma lililopita, kisha mkutano wetu, mama mmoja alinivuta pembeni. Anauza sambaza katika soko la Kadutu. Binti yake anamaliza sekondari, upande wa sayansi, na anataka kusoma udaktari. Mama alifungua fundo la kitenge, akanionyesha bahasha, akaniuliza kwa sauti ndogo: «Mama mwalimu, hizi pesa nimpe nani ili mtoto aingie?»

Hakuuliza mtoto asome nini. Aliuliza pesa apewe nani. Sikumcheka, kwa sababu mama yangu aliuliza swali hilo hilo, na kwa bahati mbaya alipata mtu wa kumjibu.

Nilikuwa na miaka 18. Mtihani wa Serikali nilikuwa nimeufaulu, si kwa asilimia ya kujivunia sana, lakini nilifaulu. Mtu mmoja aliyevaa vizuri akamwambia mama kwamba anajuana na wanaosahihisha mtihani wa kuingia udaktari. Mama akauza mbuzi wawili, akaomba wenzake wampe zamu yake ya likelemba mbele ya wakati. Mimi niliposikia kwamba njia imekwisha kutengenezwa, nikafunga madaftari. Hapo ndipo tulipoharibikiwa zaidi, kuliko hata kwenye mbuzi. Siku majina yalipobandikwa kwenye valve, nilisoma orodha toka juu mpaka chini, kisha toka chini mpaka juu. Simu ya yule bwana ilikuwa imezimwa. Nikaenda chuo cha ualimu, na leo nafundisha biolojia na kemia. Kazi yangu naipenda. Lakini nyumbani kwetu habari ya mbuzi wale haitajwi mpaka leo.

Basi nikamwambia: mama, funga tena hiyo kitenge. Malipo ya kweli yapo, ya kumwandikisha mtoto, nayo yanalipwa mahali panapojulikana na unapewa risiti. Asiyetoa risiti usimpe hata franga mia. Halafu mtume mtoto mwenyewe, na kalamu na daftari, akasome valve ya kila chuo. Hapa Bukavu peke yake UCB, UOB na UEA zote zina fakulte ya udaktari, na msifikiri kwamba masharti ni mamoja. Fakulte moja inaweza kuangalia asilimia ya Mtihani wa Serikali, nyingine ikatunga mtihani wake yenyewe, nyingine ikataka vyote viwili. Aandike tarehe ya mwisho na karatasi zinazoombwa: buletini, cheti cha kuzaliwa, picha. Kopi zifanywe mapema, maana siku ya mwisho umeme hukatika bila kumwuliza mtu.

Sasa masomo yenyewe. Ugonjwa ninaouona darasani ni kukariri. Nitawapa mfano unaowahusu hata ninyi, ule ugonjwa wa damu tunaouita SS. Nikiuliza: baba ni AS, mama ni AS, mtoto anaweza kuwa SS mara ngapi? Darasa zima linajibu: mara moja kwa nne. Vizuri. Nauliza tena: wazazi hao wamekwisha kuzaa watoto wawili wenye SS, je, huyu wa tatu aliye tumboni? Nusu ya darasa inasema zamu imekwisha kupita, huyu atakuwa mzima. Hapana! Kila mimba inaanza upya, kila mara ni moja kwa nne. Kisha nageuza: baba ni SS, mama ni AA. Wanatafuta wagonjwa, na hakuna hata mmoja. Watoto wote watakuwa AS. Aliyeshika maneno tu anapotea hapo, na aliyezoea kuchora kile kisanduku cha vyumba vinne anajibu kwa nusu dakika. Mtihani wa kuingia unatafuta huyu wa pili.

Na hapa mama ambaye hakusoma anaweza kusaidia kuliko anavyofikiri. Jioni mnapochagua maharagi, mwambie akufundishe alichosoma leo, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa. Muulize: kwa nini? Akijibu, muulize tena: na hiyo ni kwa nini? Usipoelewa, usione haya. Mara nyingi ni yeye ambaye hajaelewa, alikuwa amejificha nyuma ya maneno marefu.

Kifaransa chenyewe kinaangusha wengi. Swali linasema majibu yote ni ya kweli isipokuwa moja, litafute. Mtoto ana haraka, anaona la kwanza ni kweli, anatia alama, anaendelea. Biolojia anaijua, lakini alama imekwenda. Atafute maswali ya miaka iliyopita, apige mstari chini ya neno hilo dogo la «isipokuwa» kila anapolikuta, na aweke saa mezani. Kama ni maswali 60 kwa saa mbili, kila moja lina dakika mbili. Linalokataa aliruke, atalirudia. Hesabu za kemia azifanye kwa mkono, asitegemee mashine ya simu, maana simu haitaingia naye.

Nitasema na jambo lisilopendeza. Nina wanafunzi wasichana wanaofungua daftari saa nne ya usiku, kisha maji, kisha chakula, kisha kuogesha wadogo, na kaka yao amekaa na kitabu toka mchana. Kisha tunasema sayansi ni ya wavulana. Yule mama wa sambaza aliniambia kwamba binti ndiye anayemsaidia sokoni kila siku. Nilimwomba saa mbili tu, kila siku, bila kutumwa popote, mpaka siku ya mtihani. Alinyamaza kitambo. Saa mbili za soko ni pesa, najua. Lakini bahasha ile ilikuwa na saa nyingi sana ndani yake, na alikuwa tayari kumpa mtu asiyemjua.

Watoto wetu wengi wanamwangalia Daktari Mukwege wa Panzi na ile zawadi ya Nobel ya 2018. Waambieni pia kwamba alisoma udaktari Burundi, kisha akaenda Ufaransa kujifunza kazi ya uzazi. Ni miaka na miaka. Kwa hiyo hesabuni mapema ada za miaka yote, si za mwaka wa kwanza tu, na mtoto ajiandikishe hata pengine. ISTM inafundisha uuguzi na maabara, na hospitali haitembei bila watu hao.

Jumamosi mama yule alirudi, binti yuko nyuma yake. Bahasha sikuiona. Akaniambia: «Amenieleza ile mambo ya SS. Nikamuuliza, kama baba ni AS na mama ni SS, inakuwa namna gani?» Binti akainama, akachora kisanduku chake udongoni kwa kijiti, akahesabu vyumba, akafuta kimoja, akahesabu tena. Wawili kwa wanne, akasema. Ni kweli.