Divisheni ya Nne na Ndoto ya Kuwa Tabibu

Huenda unatamani kazi ya afya, lakini matokeo ya mitihani ya majaribio yanakukatisha tamaa. Umeanza kujiambia kwamba mwenye divisheni ya nne hawezi kuvaa koti jeupe. Kwa maoni yangu, unaogopa kitu kisicho chenyewe.

Chuo cha afya hutazama somo mojamoja, si divisheni peke yake. Stashahada ya utabibu husomwa kwa miaka mitatu, na anayehitimu huwa Ofisa Tabibu. Mwombaji hutakiwa awe amefaulu masomo yasiyopungua manne yasiyo ya dini, yakiwamo Biolojia, Kemia na Fizikia. Kwa hiyo mwenye divisheni ya tatu aliyepata F ya Fizikia huachwa nje, huku mwenye divisheni ya nne aliyefaulu masomo hayo akiruhusiwa kuomba. D huanzia alama 30; mwenye 29 ana F. Alama moja tu!

Wapo wanaosema mwenye D asikaribie mgonjwa. Sikubaliani nao. D yaweza kutoka katika shule isiyo na maabara wala mwalimu wa Fizikia, na chuoni mwanafunzi hupimwa tena na tena kabla hajahitimu. Hata hivyo, wana hoja moja ya kweli: pengo la darasani humfuata mtu hadi kwa mgonjwa. Jaribu swali hili. Mtoto ana kilo 12 na anatakiwa kupewa parasetamo miligramu 15 kwa kila kilo. Dawa ya maji ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Je, apewe mililita ngapi? Ukipata 7.5, umeona kazi ya uwiano. Ukikosea, atakayeumia si wewe.

Basi, ufanye nini? Kwanza, soma mwongozo wa udahili wa NACTVET wa mwaka husika, maana vigezo hubadilika. Kumbuka pia kwamba kufikisha kiwango cha chini si kuhakikishiwa nafasi; waombaji ni wengi. Pili, ukipata F katika somo la lazima, rudia somo hilo kama mtahiniwa wa kujitegemea. Mwaka huo haupotei. Tatu, usimpe fedha mtu anayedai kwamba atakutafutia nafasi bila sifa. Atakula fedha za mzazi wako, nawe utabaki na F yako.

Ukishaingia chuoni, D za sekondari hazikufungi milele. Mwenye stashahada ya utabibu na GPA isiyopungua 3.0 anaweza kutimiza sifa za kuomba shahada ya udaktari.

Lakini hayo ni ya kesho. Leo mtihani bado uko mbele yako. Fungua somo unalolikimbia kuliko yote, ulianze hilo.